Picha ya Nyota Ukutani

Kwa miaka ishirini na tisa mzee huyu alilea panya wa maabara, akiwalisha na kuwasafishia vizimba, hata wenzake wakambandika jina la Baba Panya. Hakuudhika. Nyumbani alikuwa amelea watoto watano, na akipima vizuri, panya ndio waliokuwa na adabu.

Wiki hiyo walipimwa panya wazee, ijulikane uzee unavyoila akili. Panya hutiwa kwenye hodhi la maji yaliyochanganywa na maziwa ya unga, ndani yake mna kijukwaa kisichoonekana. Akizikumbuka picha tatu za ukutani atajua kilipo, aende apande. Akishindwa siku tatu mfululizo, anauawa na ubongo wake unakatwakatwa uchunguzwe.

Jumatano ilikuwa siku ya tatu ya panya aliyeitwa Kumi na Saba, kipenzi cha mzee. Alizunguka na kuzunguka, pua juu, miguu ikilegea. Mtafiti, binti wa rika la kitinda mimba wa mzee, akamtoa, akamfunga taulo na kufungua daftari.

"Masikini, keshazeeka huyu," alisema. "Ijumaa na yeye."

Mzee akainua macho ukutani, moyo ukampasuka. Jumapili alikuwa ameosha kuta. Picha ya nyota, ambayo siku zote hukaa karibu na dirisha, ilikuwa kando ya mlango. Yeye ndiye aliyeitundika hapo, na siku tatu aliipita bila kushtuka.

Angeweza kunyamaza. Mwezi huo alishapoteza funguo mara mbili, na mkuu wa maabara alimwambia wazi kwamba kosa jingine atapumzishwa. Nyumbani mkewe alianza kumkumbusha dawa kwa sauti ya kubembelezea watoto, jambo lililomuuma kuliko matusi. Aliogopa, aliogopa kweli. Na Kumi na Saba alikuwa akitetemeka ndani ya taulo.

"Mwanangu, usiandike," alisema. "Huyu hajasahau kitu. Niliyesahau ni mimi."

Akaburuta kiti, akairudisha nyota dirishani. Panya alipopumzika wakamtia tena majini. Akakata moja kwa moja, akapanda kijukwaani, akaanza kujipangusa masharubu. Sekunde tisa. Mzee akacheka kwa furaha, akageuka.

Binti hakuwa akimtazama panya.

"Baba," aliuliza taratibu, "leo ni siku gani?"

Mzee akafungua mdomo kujibu, kisha akainua macho ukutani kutafuta kalenda.