Sukari ya Nzige

Yule mkufunzi wetu wa sayansi, pale chuo cha ualimu vilimani juu ya Voi, alikuwa bure kabisa. Tai shingoni, kichwani hamna kitu. Nzige walipotua mashambani alimwokota mmoja, akamchoma kwa kiberiti, akatunusisha. Nywele, tukasema. "Basi ganda lake ni protini, sawa na kucha na pembe. Andikeni." Wenzangu wakaandika. Kunusa tu, sayansi imekwisha!

Mimi nilikuwa nimesoma maktaba, nikainua mkono. Ganda lile ni kaitini, mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana, ndugu ya selulosi ya kwenye miti. Ila kila sukari imebeba naitrojeni kidogo, ndiyo maana likiungua linanuka vile. Akacheka mpaka akashika meza. Nithibitishe mbele ya darasa, akasema, la sivyo nisahau cheti. Na mama yangu, kule Rukanga, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba bintiye atakuwa mwalimu.

Nikachemsha maganda kwa soda kali ya kutengenezea sabuni kuondoa protini, nikayaosha, nikayachemsha tena kutwa nzima kwa asidi. Nikaua ukali wa asidi, nikatia ile dawa ya buluu ya kupimia sukari, nikapasha moto. Ikageuka nyekundu kama udongo wa Voi: sukari imo.

Sasa, chuoni sukari ilifungiwa stoo, ufunguo kiunoni mwa matroni. Unajua yule bwana alisema nini? "Mwizi! Umeiba sukari ya jikoni!" Matroni akaja akapekua sanduku langu, nguo zangu za ndani zikamwagwa sakafuni mbele ya wavulana. Hawakupata hata chembe. "Mwalimu," nikamwambia, "rudia wewe, kwa nzige wako, kwa mikono yako."

Akarudia. Ikawa nyekundu vilevile. Akaikodolea macho, kisha akageukia darasa bila hata haya: nzige hawa, akasema, lazima walipita kwenye miwa huko Taveta. Lo! Na wenzangu, watu wazima wenye akili zao, wakainama wakaandika. Mimi nikafukuzwa kwa wizi.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. Mama hakunigombeza. Alinimiminia chai, akatia sukari kijiko baada ya kijiko, akanisogezea kikombe. "Kunywa, mwanangu," akasema. "Ungeniambia tu kama ulikuwa na hamu."

Nilikunywa. Yule mtu simsamehe mpaka naingia kaburini.