Moyo wa Egidi, Mfuata Dagaa

Egidi wa Ruhuwiko alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kujikweza. Tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, alifuata dagaa Mbamba Bay kwa baiskeli ya Kichina, akaipandisha milima ya Umatengo na gunia la kilo sabini nyuma, mpaka Songea. Miaka minane, jamani! Lakini mbele ya watu wenye tai hakuitaja baiskeli hata kidogo. Alijiita mfanyabiashara, basi.

Mwaka tisini na nne mkewe, Monika, alilazwa kwa uvimbe wa kizazi. Upasuaji ulikuwa kesho yake, ila ndugu walete damu kwanza. Ndugu zake Monika walikuwa Namasakata huko, mbali kabisa, na damu ya Egidi ilikuwa ya kundi lilelile la mkewe. Akavaa koti la kanisani, akaenda maabara kifua mbele.

Muuguzi, Mama Adela, alimshika mkono huku akitazama saa. Akahesabu tena. Mapigo arobaini na mawili kwa dakika! Alimwuliza kazi yake, Egidi akajibu kama kawaida yake: mfanyabiashara. Akapelekwa kupigwa picha ya kifua, nayo ikaonyesha moyo mkubwa kupita kiasi. Mama Adela alimwambia kwa upole kwamba mwenye moyo wa namna hiyo hatolewi damu. Huenda yeye mwenyewe anahitaji kitanda. Egidi alinywea. Aliyemhofia ni Monika, maana bila damu hakuna upasuaji.

Alirudi wodini pamoja na daktari aliyeisoma ile picha, akamweleza mkewe yaliyotokea. Monika alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka huku ameshika tumbo.

"Daktari, amekuambia anasafiri na nini? Huyu anapanda milima ya Mbinga kwa baiskeli, na gunia nyuma. Kila wiki."

Egidi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Daktari, kumbe, alifurahi. Alimpandisha na kumshusha kwenye kibao cha kupandia kitandani dakika tatu, akamsikiliza: moyo ulienda mbio sawasawa, na punde ukatulia. Akawaeleza kuwa moyo ni msuli. Ukifanyishwa kazi ndefu miaka na miaka, hutanuka, kuta zake zikakomaa, ukasukuma damu nyingi kwa pigo moja, na hata mishipa midogo ya miguuni huongezeka. Ndiyo maana mwenyewe akipumzika, hauna haraka. Moyo mgonjwa nao huweza kukua, lakini husukuma kwa unyonge, na mwenye moyo huo asingevuka mlima wa kwanza.

Damu ikatolewa, upasuaji ukaenda vizuri. Monika alipozinduka aliona mfuko wa damu unaning'inia, akauliza ni ya nani. Egidi akasema ni yake. Monika aliitazama ikidondoka tone kwa tone, akafurahi waziwazi.

"Basi nikipona nitafutie na mimi baiskeli yangu," alisema. "Damu hii siwezi kuikalisha bure."