Ukuta wa Bibi Kalunde Tulioupiga Lipu ya Saruji

Sisi watoto wa mtaa wa Chemchem tuliozaliwa kabla ya Uhuru tulikuwa na kazi moja ambayo wajukuu zetu hawataijua kamwe: kukanyaga udongo. Mavuno yakishaingia ndani na jua likiwa bado kali, bibi yangu mzaa baba, Bibi Kalunde, alitutuma kuchimba kichuguu. Udongo tuliuleta kwenye karai, ukachanganywa na mchanga na mavi ya ng'ombe, ukamwagiwa maji, kisha tukaingia miguu mitupu, watoto sita saba, tukikanyaga na kusukumana mpaka tope lifike magotini. Aliyeanguka alichekwa hadi jioni. Mchana tulipewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga za kukaanga, na tulikula bila kunawa vizuri. Mtoto wa leo akikanyaga tope la barabarani anapiga simu nyumbani aletewe viatu vingine.

Udongo ule ulikuwa wa kukandika nyumba. Bibi aliijenga mwenyewe baada ya babu kufariki, tofali mbichi juu ya tofali mbichi, na mabati akayaezeka miaka kadhaa baadaye kwa fedha ya asali. Mtaani kwetu maji ya ardhini hayakuwa mbali, na masika yakianza ukuta wowote uliyavuta kutoka chini. Bibi hakupigana nayo, aliyapa njia. Alichimba mfereji kuizunguka nyumba. Kila asubuhi baada ya mvua aliweka mgongo wa mkono wake chini ya ukuta, kama mtu anayempima mtoto homa. Pakiwa na baridi isiyo ya kawaida, alipakwangua, akapaacha wazi siku nyingi mpaka pakauke, ndipo akapakandika upya.

"Maji yataingia tu," alituambia. "Kazi yako ni kuyaacha yatoke."

Nilipofika kidato cha pili nilijiona nimeshajua zaidi yake. Wakati ule maneno "nyumba bora" yalikuwa midomoni mwa kila mtu. Balozi wetu wa nyumba kumi alizunguka akisema taifa huru haliwezi kuishi kwenye kuta zilizopakwa mavi ya ng'ombe. Mimi, mwenye kaptura ya shule na kalamu mfukoni, niliona aibu kuleta wenzangu nyumbani. Baba alifanya kazi ya reli na alikaa vituoni miezi mingi, kwa hiyo hakukuwa na wa kunizuia. Niliandika barua ya kuomba kibali cha kununua saruji, nikaisaini kwa jina la Bibi, na kibali kikatoka.

Fundi Maganga, mwashi mzee wa mtaa wetu, alipoitwa aliugonga ukuta kwa kidole, akatazama mifuko ya saruji, akanitazama na mimi.

"Nani kasema saruji ipigwe juu ya udongo huu?"

"Mimi. Saruji haipitishi maji, fundi. Tumefundishwa."

"Mmefundishwa pia yaliyomo ndani yatatokea wapi?"

Nilicheka. Nikamgeukia Bibi nikamwambia kwamba fundi anaogopa kazi mpya. Bibi alisugua viganja vyake. Kisha akasema, "Mpigie, Maganga. Huyu ndiye tuliyempeleka shule."

Ukapigwa lipu ndani na nje, laini kama sahani. Mfereji nao niliufukia, nikapanga mawe yaliyopakwa chokaa nikapanda maua. Balozi alifurahi mno. Akaahidi kuwaleta wageni kutoka wilayani masika yatakapoanza, waione nyumba ya mfano. Mwaka ule hakuna aliyekanyaga udongo kwetu.

Niliporudi kutoka bwenini likizo ya Desemba mvua ilikuwa imenyesha majuma matatu. Nilipoingia chumbani kwa Bibi nilikutana na harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Kanga zake sandukuni zilikuwa na madoa ya ukungu. Chini ya lipu palitoka unga mweupe kama chumvi, na katikati ukuta ulikuwa umevimba kidogo, upande uleule kilipokaa kitanda chake.

"Mjukuu wangu, hapa pamekuwaje?" aliniuliza. "Nikiweka mkono naona lipu tu. Ukuta wenyewe siusikii."

"Saruji bado inakomaa, Bibi."

Fundi Maganga alikuja mwenyewe bila kuitwa. Aligonga, na lipu ikaitika kama debe tupu. Alinivuta nje nisiaibike mbele ya Bibi.

"Sikiliza, kijana. Udongo ndani umekuwa uji. Leo hii tuweke nguzo tushike paa, tubandue lipu yote ya chini, tufukue mfereji. Bibi yako ahamie chumba kingine."

"Wageni wanakuja Jumamosi, fundi. Baada ya Jumamosi."

"Ukuta haujui Jumamosi."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ningeweza kukubali palepale. Badala yake Alhamisi nilikoroga chokaa, nikapaka juu ya madoa yote mpaka ukuta ukang'aa. Kitanda nilikisogeza kidogo tu, kwa sababu nilitaka chumba kionekane kimepangwa. Nilijua nilichokuwa nafanya. Nimewahi kujitetea kwamba nilikuwa mdogo, lakini mtu asiyejua hapaki chokaa juu ya doa.

Ijumaa alasiri mvua ilishuka nzito. Bibi alitandaza mkeka wake chumbani akaanza kuswali. Mimi nilikuwa ukumbini nikisikiliza bati, ndipo nikasikia sauti nyingine chini yake, kama mtu anayeburuta gunia. Nikaenda mlangoni. Kipande cha lipu kikubwa kama meza kilikuwa kimejitenga na ukuta, na nyuma yake tope lilitiririka taratibu. Juu, boriti ilishuka kiasi cha unene wa kidole.

"Bibi, toka!"

Alikuwa kwenye rakaa ya mwisho. Hakugeuka. Tangu utotoni nilikuwa nimeambiwa mtu aliye kwenye swala hashikwi, na miguu yangu ikagoma. Alisujudu. Boriti ikashuka tena. Akainuka akakaa, midomo ikienda polepole, kama kwamba tulikuwa na siku nzima. Akatoa salamu kulia. Akatoa salamu kushoto. Hapo nikamkamata mkono, nikamtoa mkukumkuku hadi uani, na hatukuwa tumefika jikoni ukuta ulipolala. Uliangukia kitandani kwake, na nusu ya paa ikaufuata.

Bibi alisimama mvuani akiitazama nyumba yake. Hakulia wala hakunigombeza. Alisema tu, "Alhamdulillahi, hakuna mtu."

Baba alifika siku ya nne. Alizunguka kifusi, akaokota kipande cha lipu, akakivunja.

"Mama, kwa umri wako huu, saruji ya nini? Nani kakutuma?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Bibi hakunitazama.

"Niliona kwa watu, mwanangu. Nikatamani."

Baba akamsema mbele ya majirani, kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa mama yake. Nami nikatazama chini.

Nyumba haikujengwa tena. Bibi akahamia Bukene kwa shangazi. Nilimbebea mzigo hadi stesheni, na dirishani mwa treni aliniambia, "Yale mabati yaliyopona yainueni, yasikae majini." Nikamwambia ndiyo, Bibi, na treni ikaondoka. Kabla ya masika mengine tukaletewa habari kwamba amefariki.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wageni wakija alipenda kuwasimulia kisa cha mama yake aliyetamani saruji. Walicheka, nami nikamimina chai.

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniita nikaone nyumba yake mpya ya tofali za kuchoma. Ukuta wa sebuleni unavuta maji, na ameshaupaka mara tatu rangi ya bei kubwa. Doa likirudi analipiga picha, na rafiki zake wanamwambia ni dizaini. Nilimwambia abandue lipu ya chini, achimbe mfereji, aache ukuta wazi mpaka ukauke kabisa, hata ikichukua kiangazi kizima.

"Babu, haya ulijifunza wapi?"

"Kwa bibi yangu. Bibi Kalunde."

"Si ndiye yule aliyeangusha nyumba kwa saruji?" akasema, akicheka vilevile kama baba yangu.

Enzi zetu tulikuwa na nyumba za udongo na watu waliojua kuzitunza. Leo kuna nyumba imara, na jina la mtu mmoja kati ya wale limebaki kuwa mzaha wa sebuleni. Nilimwambia mjukuu wangu aweke simu chini akae. Nikaanzia kwenye barua ya kibali, iliyoandikwa kwa mkono wangu.