Mtihani wa Injini Iliyozimwa

Zuhura Mukashema alinyimwa kiti cha dereva kwa mtihani usiohusiana kwa lolote na kazi ya kuendesha trekta. Hilo lisemwe kwanza, na lisemwe wazi, kwa kuwa waliomnyima waliuita utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Katika ushirika wa wakulima waliolima bonde lililo chini ya kilima cha Kagugu, aliyetaka udereva alipanda trekta likiwa limesimama na injini imezimwa, akauzungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia huku wanachama wakimtazama. Aliyeweza aliajiriwa, aliyeshindwa alirudi kwenye jembe. Mtihani huo ulizaliwa enzi za trekta lao la kwanza, ambalo lilitegemea mabega ya dereva na si kingine. Lakini trekta walilokuwa nalo mwaka 1983, ingawa lilikuwa kuukuu, lilikuwa na pampu iliyosukuma mafuta na kuyageuza magurudumu kwa niaba ya dereva. Injini ikizimwa, pampu hulala. Anayepimwa hapo si dereva, ni ng'ombe.

Na aliyeiamsha pampu hiyo alikuwa nani? Trekta lilinunuliwa likiwa limechoka, tangi dogo la mafuta ya usukani likiwa kavu, na wanaume hawakujali, maana ugumu wa usukani uliwapa cha kujivunia. Zuhura alijifunza ufundi kwa baba yake, aliyetengeneza malori nyuma ya nyumba yao mjini, mtaa wa Nyamirambo, na ushirika ulimwita kama kibarua. Alikomba tope jeusi ndani ya tangi, akaliosha kwa dizeli, akabadilisha chujio na mipira iliyokatika, akakaza viungo vilivyovuja, kisha akamimina mafuta mapya. Akaliinua trekta kwa jeki upande wa mbele, akawasha injini taratibu, akawa anauzungusha usukani huku na huku na kuongeza mafuta mpaka hewa yote ikatoka na povu likaisha. Jioni hiyo usukani uligeuka kwa kiganja kimoja.

Ndipo alipoomba kiti. Dereva alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Fundi aliitwa kitu kilipoharibika, kisha akasahauliwa. Zuhura alikuwa amechoka kusahauliwa.

Mwenyekiti, Bwana Kalisa, alisema atapimwa kama wengine. Siku ya mtihani aliushika usukani akauvuta kwa uzito wake wote, nao ukasogea kidogo tu, ukagoma. Sauti moja kutoka kwenye kundi ikamshauri arudi Nyamirambo akashone, mikono yake ni ya sindano. Zuhura akamjibu mwenye sauti kwamba shati alilovaa lilishonwa na mikono ya aina hiyohiyo, na kama hana haja nayo alivue hapohapo. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Bwana Kalisa, washa injini, halafu unipime."

"Tukikuwashia wewe, dada, itabidi tuwawashie wote. Sasa mwanamume tutamjuaje?"

"Kwani mnatafuta dereva au bwana harusi?"

Walicheka, hata Kalisa. Lakini kicheko hakiajiri mtu. Baada yake alipanda Twagirayezu, kijana wa mabega mapana aliyependa kutazamwa. Akakunja uso, akauzungusha usukani mpaka mwisho, akapewa kiti.

Zuhura angeweza kuyameza hayo. Kilichomchoma ni kilichofuata: Kalisa, bila hata kuona haya, alimtaka aje kila Jumatatu kuitazama pampu ili usukani uzidi kuwa mwepesi kwa Twagirayezu. Wepesi ulikuwa haramu kwake na halali kwa mwenzake! Zuhura akalifuta debe lake la mafuta ya usukani, akaliweka juu ya boneti mbele ya mwenyekiti, akamwambia kwamba kama kiti ni cha misuli, basi misuli ikitunze. Akaondoka.

Mvua zikaanza. Twagirayezu alipogeuza trekta kwenye tope aliubana usukani mwisho kabisa, pampu ikalia, naye akadhani kilio kile ni nguvu. Kiungo kimoja kikaanza kuvuja, na hakuna aliyefungua tangi. Usukani ukatetemeka, kisha ukawa mgumu kama siku za mwanzo. Twagirayezu aliuficha ugumu huo. Angesemaje, yeye aliyeajiriwa kwa mabega? Alipigana na chuma msimu mzima, mpaka asubuhi moja mkono wa kulia ukakataa kuingia kwenye koti.

Katika mkutano wa wanachama alisimama, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Wapo waliotaka atafutwe kijana mwingine mwenye nguvu zaidi. Akawakatiza.

"Mlinipima bega, na bega ndilo nililowapa. Limekwisha. Mwiteni Zuhura."

Wakaanza kumhurumia. Walizungumza kirefu juu ya maumivu yake, wakakubaliana kuwa mtihani ule ni ukatili na ufutwe. Miezi michache kabla, mwanamke alikuwa ameyasema hayo kwa maneno machache palepale, wakamcheka. Ilibidi bega la mwanamume liharibike ndipo masikio yazibuke. Jina la Zuhura lilitajwa tena walipokumbuka kwamba pampu haina fundi.

Alipoitwa, alikuja mikono mitupu. Alimwambia Kalisa kwamba atatengeneza pampu kwa sharti moja: ikipona, apimwe injini ikiwaka, mbele ya wanachama walewale. Kalisa alitazama shamba lililokuwa likisubiri kulimwa, akakubali. Samahani hakuiomba, siku hiyo wala baadaye.

Tangu tarehe 12 Machi 1984, madereva wa ushirika ule hupimwa injini ikiwaka. Wa kwanza kupimwa hivyo, na kuajiriwa siku hiyohiyo, alikuwa Zuhura Mukashema.