Orijino na Suruali ya Marehemu

Mtaani kwetu kuna mwanamume anayeitwa Orijino. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na jina hilo alijibandika mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angempa. Ana duka la jinzi kuukuu, chumba kimoja chenye taa nyeupe na kioo kirefu. Mchana kutwa yumo humo anageuza suruali za watu ndani nje, anazinusa, anazikwaruza kwa ukucha, kisha anatoa hukumu. Hii orijino. Hii feki. Ukimpa maji ya kunywa, nadhani bilauri ataikagua kwanza.

Maisha yake nitayaeleza kwa kifupi kwa sababu hayana kirefu. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Wazazi wao walipokufa, yeye ndiye aliyemlea huyu mdogo wake, akamsomesha, akamvisha, akamtafutia kazi karakanani kwake. Kazi yenyewe Orijino aliifanya mpaka siku cheche ya kwanza ilipomrukia mkononi. Alirudi nyumbani kidole kimefungwa kitambaa kikubwa kama kilemba, akasema moto ule haukuwa wa kawaida. Baada ya hapo akawa dalali wa simu, akawa dalali wa vyumba, akauza manukato yaliyonuka sabuni ya kufulia. Kila alipoanguka, kaka yake alimwinua. Kaka yake alipougua alikuja kumwona mara moja, na hata hiyo alikuja kuazima pasi.

Mume wangu alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, Orijino akaja na dada yake, yaani wifi yangu, na mkokoteni. Walibeba kitanda, redio, mashine ya kuchomelea, hata pazia la mlangoni. Walisema vitu vya ndugu yao vinarudi kwa ndugu zake. Mimi nilisimama nje nimembeba binti yangu, naangalia nyumba inavyotoka vipande vipande. Kitu kimoja tu walikiacha, suruali ya jinzi aliyokuwa akivaa kazini, iliyoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Wifi aliishika kwa vidole viwili.

"Hili dekio muachieni," alisema.

Basi dekio hilo nimelitunza miaka yote hii. Picha ya mume wangu sina. Nina suruali ambayo magoti yake bado yametokeza, kwa sababu aliyeivaa alipiga magoti kwenye vyuma maisha yake yote.

Halafu dunia ikageuka. Watu wenye uwezo wa kununua nguo nzuri wakaanza kutafuta mbovu, na Orijino akaona neema imeshuka. Wanazitaka jinzi za kale, zilizofumwa kwa mitambo ya zamani. Kwa kuwa za kale ni haba, kuna viwanda vinavyotengeneza nakala zake. Nakala ni mpya kabisa, ila zinaigizwa hadi kasoro. Uzi unapindishwa makusudi, lebo ya ngozi inasinyazwa, mapaja yanachubuliwa kwa msasa. Hebu fikiri. Mtu mzima ameajiriwa kuchubua suruali ili mtu mwingine, ambaye hata ndoo hajawahi kuinua, aonekane amechoka na kazi.

Orijino alinunua moja, akaapa kwamba ni ya kale. Wenzake wa kwenye simu, maana ana kundi la wenzake na wote shughuli hawana, wakamwambia, "Umepigwa, kaka. Hiyo nakala." Wakabishana wiki nzima kuhusu mshono wa mfukoni. Mwisho akaona dawa ni kuilinganisha na ya kweli. Ndipo wifi alipokumbuka nyuma ya mlango wangu.

Walikuja mchana, wamevaa tabasamu.

"Shemeji, za siku? Umetutupa," Orijino alisema.

"Mliniokota lini?"

Alicheka, akakaa bila kukaribishwa. "Ile suruali ya kaka bado ipo? Nataka kuilinganisha tu na yangu. Kulinganisha, basi."

"Na ikiwa ndiyo yenyewe," wifi alidakia, "haiwezi kukaa hapa inaliwa na mende. Hiyo mali ya ukoo."

"Si mlisema dekio?"

"Nani alisema? Hayo maneno yako, wifi. Wewe una kinyongo."

Ningekataa wangeichukua kwa nguvu, kama walivyobeba vingine. Nikasema nitaipeleka dukani mwenyewe, kwa mikono yangu. Njiani nimeikumbatia, najua kabisa kwamba wakiikubali tu, siioni tena.

Dukani tulimkuta fundi saa, jirani yake, ameitwa na kioo chake kidogo cha kubana jichoni. Wakazilaza suruali mbili mezani kama maiti wanaosubiri kutambuliwa. Ya Orijino ilipendeza kwa uchakavu. Ya mume wangu ilikuwa imechakaa tu.

"Tuanze na ukingo," alisema Orijino, sauti nzito kama ya hakimu. Jinzi za kale, ukifungua mshono wa pembeni kwa ndani, unakuta ukingo mweupe wa kitambaa wenye uzi mwekundu. Yake ilikuwa nao, mwekundu wa kung'aa. Akageuza ya mume wangu. "Hii mbona haina?"

"Niliikata pembeni, nikaibana," nilijibu. Ilikuwa kweli. Ugonjwa ulimkausha, na bado kila asubuhi alitaka kwenda kazini. Suruali ilikuwa ikimvuka. Nililia huku naikata.

Fundi saa akatikisa kichwa. "Pindo la chini nalo si la mashine ya zamani."

"Nilipinda mimi kwa mkono."

"Lebo ya ngozi?"

"Jasho liliila."

"Na kifungo hiki cha plastiki?"

"Kimetoka kwenye gauni langu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kila neno la kweli nililosema liliifanya suruali izidi kuwa ya uongo. Nikanogewa. Nikawaonyesha kiraka cha goti la kulia, nikawaonyesha cha kushoto, nikawaeleza vizuri matundu ya cheche na jinsi nilivyoyaziba kwa uzi wa gunia.

"Feki," alisema fundi saa, akakitoa kioo jichoni. "Yako, bwana, ina kila kitu. Hii haina hata alama moja."

Orijino aliikumbatia nakala yake kama mtoto aliyepotea akapatikana. Mimi nikaanza kuikunja yangu taratibu, nisionekane nina haraka. Nilikuwa karibu na mlango aliponiita.

"Shemeji, ngoja. Ile ya kaka naikumbuka mimi. Nilikuwa mdogo, ananibeba begani. Ile ilikuwa na uzi mwekundu, niliuona kwa macho yangu akiikunja miguuni. Sasa hii si ile."

"Unasemaje?"

"Nasema ile uliiuza, ukaokota hii."

Nilimtazama. Alibebwa na suruali ile, akalishwa na suruali ile, na sasa iko mbele yake na haitambui, kwa sababu uzi haupo. Mtu wa kuamini uzi kuliko bega lililombeba! Nyani angalau ana udhuru, kundule liko nyuma.

"Sema, wifi, umemuuzia nani?" wifi alipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. "Nguo ya marehemu! Huogopi?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa kulia. Ule ukingo niliokata sikuutupa. Mfuko ulikuwa umetoboka kwa funguo zake, nikauzibia ukingo huohuo kwa ndani, na vidole vyangu vilikuwa vinaugusa, uzi mwekundu mzima. Kuugeuza mfuko nje kungetosha. Ningetakasika mbele ya mtaa wote, na Orijino angeitundika suruali ukutani chini ya taa yake nyeupe, aje mtu asiyejulikana ainunue, aende nayo.

Wifi alikuwa bado anapiga kelele. Watu mlangoni wameongezeka.

"Niliiuza," nilisema. "Zamani sana. Nilikuwa na njaa, na ninyi mlikuwa mmeshabeba vyote."

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe!" Wifi alipiga makofi. "Mwizi wa maiti!"

"Kaka alioa feki," alisema Orijino, akacheka peke yake.

Niliondoka. Walinisindikiza kwa macho mpaka kona.

Habari ilinitangulia. Jioni binti yangu, ambaye sasa ni msusi, alirudi amefura, akautupa mkoba wake kitini.

"Mama, saluni nzima wanasema uliuza nguo ya baba."

Nikamgeuzia mfuko. Aliutazama ule uzi, akaugusa, akakaa chini.

"Sasa kwa nini umekubali kuitwa mwizi?"

"Kwa sababu alichokwisha kukiuza mwizi, hakuna awezaye kuja kumnyang'anya."

Kisha akasimama, akaivaa suruali palepale. Ilimkaa sawasawa. Nilikuwa nimeibana sana, mpaka mwili wa baba yake ule wa mwisho ukawa sawa na wa msichana.

Asubuhi alikwenda nayo kazini, akapita mbele ya duka. Orijino alikuwa mlangoni, amevaa nakala yake mpya ya kale, anajitazama kwenye kioo cha ndani. Akamwangalia binti yangu kuanzia miguuni hadi kiunoni.

"Mwanangu, ingia nikuchagulie ya maana. Hiyo inakuaibisha."

"Asante, baba mdogo," alimjibu. "Na wewe umependeza."

Akamwamini.