Kura ya Adome Imebaki Gerezani

Adome wa Kanamkemer alifungwa kwa sababu ya beberu la jirani, na kilichomponza si wizi bali mbwembwe. Alilipakia nyuma ya bodaboda, akalivika koti na helmeti, akapita nalo mchana kweupe akidai ni shemeji yake mgonjwa. Shemeji akalia mee mbele ya polisi.

Huko gerezani maafisa wa uchaguzi walikuja kuandikisha wafungwa, maana Kenya mfungwa hajanyimwa kura ya rais. Adome hakuwahi kupiga kura maishani, akafurahi kama bwana harusi. Kumbe siku mbili kabla ya uchaguzi akaachiliwa mapema kwa tabia njema.

"Afande, niongezee siku mbili tu," aliomba.

"Hapa si lojing'i. Toka!"

Basi akatoka, huru lakini si mtu. Akitia neno, majirani wanamkata: "Nyamaza, mwizi wa mbuzi." Hata mkewe Nakal alizunguka mtaa mzima akiuliza maoni kuhusu mchumba wa binti yao, mumewe akamruka. Hilo lilimuuma sana Adome. Akaapa kwamba kura hii haimpiti.

Siku ya uchaguzi, wenzake wakikimbilia foleni za shuleni, yeye alienda kugonga lango la gereza.

"Ejok, afande," alisalimia. "Fungua."

"Adome! Umeiba tena?"

"Bado. Kura yangu iko ndani."

Askari alicheka mpaka akashika ukuta. Kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasitoke; huyu anayelilia kuingia hakujua amfanyeje. Akaitwa msimamizi wa kura, naye akalikuta jina la Adome kwenye orodha ya kituo kile, akasema aingizwe. Akapekuliwa, akaingia. Wafungwa wakampigia makofi wakidhani kashikwa tena, na mmoja, kwa huruma, akamrudishia godoro lake.

Alirudi nyumbani kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikiwa na wino. Njia nzima alisalimia watu kwa mkono huohuo, hata mama mkwe.

"Sisi tumepewa karatasi sita," Nakal alimcheka.

"Mimi moja, lakini ya mkubwa."

Nakal akasogeza kigoda. "Umechagua nani?"

"Siri."

"Mimi si bibi yako? Hebu sema, wewe unaonaje?"

Tangu atoke, hakuna aliyekuwa amemuuliza anaonaje. Adome akakaa kimya kidogo, ili aulizwe tena.