Tumbo la Mchele

Jina la Mama Cherehani halikuwa la heshima. Wanawake wenzake wa mtaa ule waliitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Yeye, baada ya miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto, wakamwita kwa mashine yake ya kushonea. Aliitikia kwa tabasamu, lakini kila mara lilimchoma, na anayesema ni jambo dogo hajawahi kuitwa kwa jina la chombo.

Kwa hiyo siku yeye na mumewe, fundi bomba, walipokwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba mtoto mchanga wa kumlea awe wao kisheria, alikwenda ameinua kichwa. Ofisa aliwapokea vizuri. Aliwaeleza habari za kupimwa afya, kukaguliwa nyumba na kufika mahakamani, kisha akawapa fomu ya kurasa mbili.

"Hii ijazwe na mzazi wa mmoja wenu, kwamba ukoo utampokea mtoto," alisema. "Irudi Jumatatu. Isiporudi nalifunga faili, mtaanza upya mwisho wa foleni."

Wazazi wa Mama Cherehani walishafariki, na baba mkwe pia. Alibaki mama mkwe peke yake. Mama mkwe akaja Jumamosi asubuhi, akiongozana na kitinda mimba wake, yaani wifi, mwanamke wa miaka thelathini mwenye mdomo usiojua kupumzika.

Mama mkwe hakuomba kalamu. Alitoa kwenye mkoba kitambaa cheupe, akakikunjua juu ya meza ya kukatia nguo.

"Saini nitatia, mwanangu," alisema. "Lakini kwanza ushone tumbo. Ulivae kuanzia mwezi huu, ili mtoto akija watu wajue umejifungua."

Hebu fikiria! Mwanamke amepanua magauni ya wajawazito wa mtaa mzima, amewapima viuno huku wakimsimulia wanavyopigwa mateke tumboni, naye kimya na pini mdomoni. Leo anaambiwa ajishonee mimba ya uongo kwa mikono yake mwenyewe. Akageuka amtafute mumewe amtetee, kumbe bwana ameshaingia chini ya sinki la jikoni na spana yake. Sinki lile lilikuwa zima kabisa. Ila kila maneno yalipochacha ndani ya nyumba hiyo, bomba ndilo lililokaguliwa.

Wifi alikuwa ameichukua fomu, akiisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "'Je, umewahi kulea mtoto usiyemzaa?' Mama, weka Hapana. Sisi si ukoo wa kuokotaokota. Mtoto wa kuletewa hata umlee vipi, damu itamuumbua."

"Wifi, sijaomba damu yako," Mama Cherehani akasema. "Nimeomba saini ya mama."

"Basi vaa tumbo, umtunzie kaka yangu heshima. Shida iko wapi? Pamba si unayo?"

"Pamba haifai," mama mkwe akadakia. "Ni nyepesi, mgongo haupindi, watu wanajua. Weka mchele. Nusu kilo kwanza, halafu unaongeza kila mwezi. Ukitaka kukaa, tanguliza mkono kiunoni. Na mikanda usiikaze hapa, utachubuka." Akajigusa chini ya mbavu, upande wa kushoto, palepale bila kupatafuta. "Mwezi wa nane usikubali mtu akukumbatie."

Wifi akaangua kicheko. "Mama nawe! Hayo umejifunzia wapi?"

Mkono wa mama mkwe ulibaki mbavuni. Macho yakamwendea mkwewe, si bintiye, na yalikuwa yanaomba.

Mama Cherehani akaelewa. Mambo kama hayo mtu hasimuliwi, huyajua aliyeyavaa. Watoto wa mama huyu walikuwa wawili tu. Habari za kuzaliwa kwa fundi bomba, mbele ya nusu ya ukoo na mvua ikinyesha, alishazisikia mpaka akazichoka. Za kuzaliwa kwa wifi hakuzisikia hata siku moja. Wifi hakuzaliwa na mama huyu. Na mama huyu, aliyejua vizuri mkanda ule unavyokata nyama, ndiye aliyebeba kitambaa kingine akamletea mwenzake!

Sentensi moja tu ingetosha. Mdomo ule wa kuokotaokota ungefumbwa mpaka kiama. Ilimfika kwenye ncha ya ulimi, na ilikuwa tamu. Akaimeza. Hakuimeza kwa wema, maana hasira ilikuwa haijamtoka. Aliimeza kwa sababu mtoto anayemtaka naye siku moja atafika miaka thelathini, na hakutaka mtoto wa mtu yeyote azipate habari zake hivyo, katikati ya ugomvi, kutoka kwa mtu anayetaka kumkomesha.

Akakikunja kitambaa, akamrudishia mama mkwe.

"Sishoni, mama. Mwanangu nitamwambia tangu hajajua kusema. Sitaki aishi miaka na miaka na watu wanaomjua kuliko anavyojijua. Usiposaini, Jumatatu nitakwenda faili lifungwe, nianze upya. Lakini tumbo la mchele sivai."

"Makubwa!" wifi akaruka. "Mama, inuka twende zetu. Huyu kaota mapembe."

Mama mkwe hakuinuka. Alikipapasa kile kitambaa kwa kidole gumba, mara mbili tatu, kisha akakisukumia ndani ya mkoba.

"Kalamu iko wapi?"

Spana ikanyamaza jikoni. Fundi bomba akatoka na mikono mikavu, akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akampa mama yake bila kumtazama mkewe. Mama mkwe akatia saini polepole, herufi kubwakubwa. Akafunua ukurasa wa pili, akashuka na kidole mpaka kwenye lile swali la kulea mtoto usiyemzaa, akaweka alama.

Wifi alikuwa amemwinamia begani. "Mama, umekosea. Hapo umeweka Ndiyo."

"Sijakosea."

Wifi akacheka. Akamtazama kaka yake, akamtazama Mama Cherehani, akitafuta wa kucheka naye.